Hapana ya Kwanza ya Arlys Tollefson

Shemeji yangu Arlys Tollefson alikuwa mtu pekee katika mji wa Nordby aliyefunga mlango wake kwa ufunguo mchana kweupe. Sisi wengine hatukujua hata funguo zetu ziliko. Ukienda kwake ulibisha, ukaona pazia linasogea kidogo, jicho moja likakupima kuanzia kofia hadi viatu vya theluji, ndipo ukasikia kitasa kinalia. Hata mimi, ndugu wa damu wa marehemu mumewe, mtu niliyempelekea maziwa miaka nenda miaka rudi, nilipimwa vilevile.

"Nani?"

"Orrin."

"Peke yako?"

"Mimi na maziwa."

"Maziwa yaingie kwanza."

Watu walimcheka sana, na kuna waliosema kichwa chake kimepata hitilafu. Mimi nilicheka kwa kiasi, maana nilijua jambo lilikoanzia.

Mtoto wake wa pekee, Loren, alizaliwa mwaka wa hamsini na nne na kile ambacho siku hizi kinaitwa hali ya Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao. Daktari alikuja hadi nyumbani, kavaa koti zuri, akaketi mezani akaeleza kwamba serikali ya jimbo ina Nyumba Kuu kule ng'ambo ya ziwa, watoto wa namna hii wanatunzwa huko, na kwamba Arlys alikuwa bado kijana, azae mwingine amsahau huyu. Sasa sisi watu wa huku hatumkatalii mtu usoni. Ukimwambia mtu wa Nordby "nitafikiria," umeshamkatalia, naye ameshaelewa, mnaendelea kunywa kahawa. Arlys akamwambia daktari kwamba atafikiria. Daktari alikuwa mtu wa kuja. Yeye alisikia kwamba amekubaliwa.

Wiki iliyofuata gari likasimama uani, na mwanamke mwenye kofia nyeupe akashuka na blanketi mkononi. Ndugu yangu Milford alikuwa shambani. Arlys alimkumbatia mtoto akashuka naye kwenye ghala la viazi chini ya nyumba, akajibanza humo gizani, akimnyonyesha asije akalia, mpaka gari likachoka likaondoka. Jioni ile ile alimtuma Milford dukani akanunue kitasa. Ufunguo wake aliutia kamba akauvaa shingoni, na sijawahi kumwona bila ile kamba tangu siku hiyo.

Basi ndivyo alivyoishi. Mtu mwenye tai alikuwa adui. Mtu mwenye faili kwapani alikuwa adui mkubwa zaidi, na mtu anayetabasamu muda mrefu ndiye hatari kuliko wote. Na alikuwa na sala moja tu, ambayo aliisema wazi hata kanisani mbele ya mchungaji: Mungu amwache amzike Loren, kisha amchukue yeye kesho yake. Nilichukia kuisikia sala ile. Ila sikuwa na nyingine ya kumpa. Milford alikuwa ameshakufa, na mimi mwenyewe ni mjane wa chumba kimoja juu ya duka la misumari, na magoti yangu hayafai. Mwaka ule moyo wake ulipoanza kurukaruka akapewa vidonge, aliniangalia siku moja, nikajua ananipigia hesabu kichwani.

"Wewe hapana," akasema. "Wewe hujui hata kuchemsha yai."

Loren alikuwa na miaka thelathini na minne, mchana akifunga misumari kwenye pakiti katika karakana ya mji, na siku mama yake akifunga macho palikuwa na mahali pamoja tu pa kumpeleka, kule kule ng'ambo ya ziwa.

Ndipo akaja Odessa Crain. Alikuja wakati majani yanadondoka, na gari dogo lenye matope, mwanamke mrefu kutoka Texas mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nilikuwepo, kwa hiyo nasema nilichokiona. Alimweleza Arlys kwamba kuna mafunzo ya uongozi na utetezi, kwa wazazi wenye watoto kama Loren na kwa wenye ulemavu wenyewe. Wikiendi moja kila mwezi mpaka barafu iyeyuke, katika hoteli ya mji mkuu. Watafundishwa sheria, watafundishwa kuongea na wabunge, na mwisho watasimama mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Kulala na kula ni bure, serikali ya jimbo inalipa.

"Ngoja kwanza," Arlys akasema. "Serikali inilaze hotelini, inilishe, halafu inifundishe namna ya kuigombeza hiyo hiyo serikali?"

"Ndiyo hasa, mama."

"Na mwanangu abaki na nani?"

"Tunaweza kulipia mtu wa kukaa naye. Au aje, nafasi yake ipo."

"Ehee!" Arlys akanigeukia. "Umesikia, shemeji? Wanataka nitoke humu ndani."

"Nimesikia," nikasema. Na kusema kweli na mimi machale yalinicheza. Nimekusanya maziwa kwa wakulima maisha yangu yote, sijaona kitu cha bure kisicho na kamba nyuma yake.

"Jina langu mlipewa na nani?" Arlys akauliza.

"Ombi lililetwa na mtu anayekufahamu vizuri. Mwenyewe kaomba nisimtaje."

Lile jicho likanirukia mimi. Nikaapa kwa kaburi la Milford. Loren alikuwa pale mezani, anakula biskuti, anatazama dirishani kama vile theluji imeanza kuanguka, na wala haikuwa imeanza.

Arlys akasema atafikiria.

"Safi kabisa!" Odessa akasema, akasimama. "Basi tuonane Ijumaa." Na akaondoka.

Arlys alibaki amesimama mlangoni mdomo wazi. Miaka thelathini na minne imepita, na neno lile lile limemtia tena katika shimo lile lile. Nilidhani atashuka kwenye ghala la viazi. Badala yake alifunga mlango, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akasema, "Nitakwenda. Nikaone wanapika nini. Loren namchukua, simwachi hapa hata saa moja. Na wewe utaendesha."

"Mimi? Mimi nina mambo yangu."

"Mambo gani, Orrin?"

Sikuwa nayo.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, zulia la kahawia na harufu ya klorini kutoka bwawani. Usiku wa kwanza Arlys alisukuma kiti mlangoni pa chumba chao. Asubuhi alinipa kazi: nikae pale mapokezi, nitazame mlango mkubwa, nikiona gari lenye nembo ya jimbo nimwite mbio.

"Shemeji, huu ni mji mkuu," nikamwambia. "Magari yote yana nembo ya jimbo."

"Basi uyatazame yote."

Nilikaa pale miezi yote ile, mwishoni mwa wiki zile, nikila biskuti za bure na kuwakodolea macho madereva. Mlango wa ukumbi uliachwa wazi, kwa hiyo nilisikia mengi. Walikuwemo kina mama wenye watoto wachanga, baba mmoja wa kiwanda cha karatasi, na watu wazima wenye ulemavu wa kila namna, nao wanainua mikono na kubishana. Odessa aliwafundisha jinsi watu kama Loren walivyoishi zamani, na akawaonyesha picha za zile nyumba kubwa. Nilimwona Arlys akigeuza uso. Kisha akaandika jina la mpiga picha, akachunguze kama picha ni za kweli.

Nilichokifurahia ni chakula. Kwetu mtu akikukaribisha kitu, unakataa. Akikukaribisha tena, unakataa tena, kwa sauti ya chini kidogo. Ya tatu ndiyo unasema, haya basi, kipande kidogo tu, usinipe chote. Kila mtoto wa Nordby anajua. Odessa alipita na pai ya tufaha.

"Pai, Arlys?"

"Aa, hapana, asante."

"Sawa," akasema Odessa, akapita na pai yake.

Arlys akaifuata ile pai kwa macho mpaka meza ya mwisho. Mchana ikawa hivyo kwa kuku, jioni ikawa hivyo kwa bakuli la viazi na nyama. Usiku nikamkuta anatafuna biskuti zangu kwa hasira.

"Umeona walivyo wachoyo? Wametuleta tufe njaa."

"Si ungesema ndiyo?"

"Mara ya kwanza? Unanionaje wewe, mlafi?"

Lakini hilo lilikuwa dogo. Lililomkosesha raha lilikuwa Duane Ruzicka. Duane alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, maneno yakimtoka kwa kuvutana, na alilelewa kule kule Nyumba Kuu tangu utoto hadi akaota ndevu. Sasa alikuwa na chumba chake katika mji wa jirani, na ufunguo wake ulining'inia kwenye mkono wa kiti. Sisi hatukumwelewa anaposema. Loren alimwelewa kila neno. Wakawa pua na mdomo. Wakati wa chai walikuwa wawili pembeni, vichwa vimeinamiana, na kila Arlys alipowakaribia walinyamaza.

"Wana lao jambo," akaniambia.

"Labda wanaongea habari za mpira."

"Loren hapendi mpira. Nenda kasikilize."

Kwa hiyo nikaenda, na umri wangu huu, nikajifanya nafunga kamba za viatu nyuma ya mmea wa plastiki. Nilichosikia ni Duane akisema, pole pole, mpaka nami nikashika: "Ukienda mbio watakukatiza. Sema kimoja. Nyamaza. Watazame. Sema kingine."

Nikarudi nikatoa ripoti. "Wanazungumza habari za kuzungumza."

"Kumzungumzia nani?"

Tangu hapo hata mimi nikaanza kumtilia shaka mtoto niliyembeba mgongoni. Nilimwona akiushika ule ufunguo wa Duane, akiugeuzageuza, akiurudisha. Akaniona namtazama. Akatabasamu muda mrefu.

"Baba mdogo," akasema, "viatu vyako havina kamba."

Kweli havikuwa nazo.

Somo kubwa la Odessa lilikuwa la hotuba ya dakika mbili. Ukifika mbele ya kamati unasema wewe ni nani, unasema una shida gani, halafu unasema unataka nini. Basi. Na hapo ndipo Arlys alipokwama kila mwezi. Sehemu ya kwanza aliisema vizuri. Ya pili ilimtoa mtu machozi. Ya tatu ilipofika, alikunja karatasi yake.

"Unataka nini, Arlys?" Odessa akauliza.

"Tunaendelea vizuri tu."

"Hujalala usingizi mzuri tangu mwanao azaliwe, na mnaendelea vizuri?"

"Wapo wenye hali mbaya kuliko sisi."

"Sijakuuliza habari zao. Sema, 'Nataka.'"

"Kwetu hatuongei hivyo," Arlys akasema, na uso wake ukafunga kama mlango wake.

Kilichokuwa kinatakiwa kila mtu alikijua. Kulikuwa na muswada wa kutoa fedha kwa nyumba ndogo mijini, watu wanne nyumba moja na msaidizi wao, katika miji yao wenyewe. Ukipita, Nordby ingepata moja, mtaa wa nyuma ya kanisa. Usipopita, ni Nyumba Kuu. Arlys alijua hayo yote. Ila aliihofia hata hiyo nyumba ndogo. Msaidizi ni nani? Kaajiriwa na nani? Anakunywa? Nilimwambia huwezi kuuliza maswali hayo kwa nyumba ambayo haijajengwa. Akasema huo ndio wakati wenyewe wa kuuliza.

Siku ya kamati ikafika, theluji ya Machi ikiwa imegeuka tope. Tuliingia jengo la bunge tukivuta pumzi kwa ngazi. Mwenyekiti alikuwa mbunge Gaylord Enger, mfuga ng'ombe wa kaskazini, mikono mikubwa, mtu wetu kabisa kwa kumtazama tu. Nikapata moyo. Mbele yake pana taa ndogo: kijani unaongea, nyekundu umekwisha. Nyuma yetu walisubiri wengine wengi.

Arlys akaitwa. Akavaa miwani, akashika kingo za ile meza ya kusimamia. Akasema yeye ni nani. Akasema habari za koti zuri la daktari, za blanketi, za ghala la viazi. Akasema ana miaka sitini na saba na moyo wake haumtii. Kisha akafika kwenye sehemu ya tatu, akakunja karatasi.

"Basi, ndiyo hivyo," akasema.

Mwenyekiti Enger akainama mbele, kwa upole kabisa. "Mama Tollefson, kuna jambo ungependa kamati hii ikufanyie?"

"Aa, hapana," Arlys akasema. "Tusiwasumbue. Tunajikongoja hivyo hivyo."

Mimi sikushtuka. Hiyo ilikuwa hapana ya kwanza, na hapana ya kwanza kwetu ni salamu. Enger naye alijua. Alifungua mdomo amuulize tena, niliona kwa macho yangu, lilikuwa katika damu yake. Lakini taa ikawaka nyekundu, karani akamwinamia sikioni akimwonyesha saa, na yule mtu akafumba mdomo.

"Tunakushukuru sana, mama," akasema. Wabunge wa mjini wakaitikia kwa vichwa kwa adabu, mmoja akafungua peremende. Bibi kizee kasema hahitaji kitu. Odessa alifumba macho.

Arlys hakuondoka. Alisimama pale pale ameshika meza, akisubiri kuulizwa mara ya pili. Nilitaka kupiga kelele, muulizeni tena, nyie watu, muulizeni tena! Nilikasirika nao, nikamkasirikia yeye, nikaikasirikia Nordby nzima na adabu zake.

"Anayefuata," karani akasema.

Na aliyesimama alikuwa Loren.

Sikujua kwamba jina lake limo katika orodha. Mama yake hakujua pia; miezi yote ile alimchukua kama mtu anavyochukua mkoba wake, asiibiwe. Loren alipita katikati ya viti, tai ya Milford shingoni, akasimama kando ya mama yake, akakivuta kipaza sauti chini.

"Naitwa Loren Tollefson," akasema. "Nakaa Nordby. Huyu mama yangu." Akanyamaza. Akawatazama. "Mama kasema hapana. Hiyo ya kwanza. Bado zipo."

Enger alicheka kwa sauti, na watu wote wa kaskazini waliokuwa mle ndani wakacheka naye. Loren alingoja wamalize.

"Mimi sifanyi hivyo. Mimi ukiniuliza mara moja nasema ndiyo."

Arlys alimgusa mkono. "Loren, mwanangu, njoo tukae."

"Bado, Mama. Taa ni kijani." Akageukia tena kamati. "Mama anaumwa moyo. Usiku nakwenda mlangoni kwake nasikiliza. Nasikiliza kama anapumua. Akifa, mtanipeleka Nyumba Kuu. Rafiki yangu Duane amekaa kule. Mimi sitaki." Akanyamaza tena, na safari hii hakuna aliyefungua peremende. "Nataka ile nyumba ya Nordby. Nataka ufunguo. Nataka nihame mama yangu akiwa mzima, aje aone ninavyokaa. Ili asiogope kufa. Basi, hicho ndicho ninachotaka."

Nikamtazama Arlys. Nimemwona siku ya kumzika Milford na hakuwa na uso ule. Mwanawe alikuwa macho kila usiku ambao mama aliamini kwamba yeye peke yake ndiye asiyelala, na sasa anaomba kuondoka, mbele ya serikali, kwa sauti.

Enger alimwangalia karani, akaweka kiganja chake kikubwa juu ya ile taa. "Mama Tollefson," akasema, "nakuuliza tena. Unakubaliana na mwanao?"

Neno moja lake lingetosha kuua kila kitu. Angesema tu, mheshimiwa, huyu hajui anachosema, na wangemwamini, maana ndivyo watu walivyozoea kuamini. Nilimwona akifikiria. Mkono wake ulikuwa kifuani, juu ya ile kamba.

"Mimi msiniulize," akasema mwishowe. "Mmeshajibiwa na mwenyewe. Mimi niko hapa kwa sababu miguu imekataa kukaa."

Loren akamshika kiwiko akamrudisha kitini.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Arlys aliongea mara moja tu, tulipopita kwenye maghala ya nafaka.

"Nani alikupangia haya? Ni Duane?"

"Odessa alitufundisha wote," Loren akasema kutoka kiti cha nyuma. "Wewe ulikuwa unatazama mlango."

"Na ombi? Nani alipeleka majina yetu?"

"Mimi. Bwana wa kule karakana tunakofunga misumari aliniandikia. Nikamwambia asiseme, ungekataa."

"Ningefikiria."

"Ndiyo hiyo, Mama."

Muswada ulipita kwa kura chache. Nyumba ilichukua miaka miwili, na Arlys alikwenda kuikagua tangu msingi. Aligonga kuta. Alimuuliza fundi kwa nini bomba lipite pale. Msaidizi alipopatikana, kijana mpole wa kutoka mji wa pili, alimhoji mpaka yule kijana akaniuliza kando kama mama huyu ni wa polisi. Siku ya kuhama nilibeba kitanda cha Loren mimi na yule kijana, naye Arlys akatembea nyuma yetu ameshika taa ya kando ya kitanda.

Alisubiri wiki tatu ndipo akaenda kumtembelea, nami nikaendesha. Alijaribu mlango kwanza. Ulikuwa umefungwa. Akabisha. Pazia likasogea kidogo, jicho moja likatupima.

"Nani?" sauti ya Loren ikauliza.

"Mama yako, nani mwingine!"

"Peke yako?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Arlys hakucheka. Aliingia, akanusa maziwa kwenye jokofu, akafungua kabati, akatazama chini ya kitanda, akajaribu komeo la dirisha, akakaa. Loren alitumiminia kahawa, kidogo ilimwagika, akaipangusa mwenyewe. Palikuwa safi. Palikuwa na joto. Hapakuwa na kosa la kulishika, na niliona jinsi hilo lilivyomwuma.

Tulipoinuka kuondoka, Loren akasimama mbele yake, mfupi kuliko yeye, akamtazama usoni.

"Mama, unaumia mimi kukaa huku?"

Nilishajua jibu. Ningeweza kumjibia. Hapana, niko sawa, usijali, tunaendelea vizuri tu.

"Ndiyo," Arlys akasema.

Nikageukia ukutani nikajifanya natazama kalenda. Tangu nimjue mwanamke yule, hiyo ilikuwa ndiyo yake ya kwanza katika ulizo la kwanza, na machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ndiyo, mwanangu. Naumia sana."

Loren aliitikia kwa kichwa. Hakukimbilia kumfariji. Alimngoja kidogo, kama walivyomfundisha. "Haya. Sasa sema unachotaka."

"Nataka," Arlys akasema, na neno lilitoka kwa shida kama mfupa wa samaki. "Nataka uje kula kwangu Jumapili."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Loren akafikiria. Akatazama kalenda, akanisogeza kwa bega ili aione vizuri.

"Jumapili moja ndiyo, moja hapana," akasema. "Zile nyingine nina mambo yangu."

Wakapeana mkono. Alitusindikiza mpaka barazani, na tuliposhuka ngazi tukasikia nyuma yetu kitasa kinalia. Arlys alisimama akakisikiliza mpaka kikanyamaza, kisha akaingia garini akafunga mkanda.

Nilikuwa sijafika hata kanisani aliponigeukia, macho bado mekundu, jicho moja limeshaanza kujikunja.

"Orrin," akasema. "Mambo gani?"